MC Aliyejifunza Kusema Kaanike

Vijana wa mashineni, mmenisumbua tangu siku niliporudisha ovaroli. "Fundi, tuandikie, ukifa tutamuuliza nani?" Hongereni kwa adabu. Haya, naandika, lakini kwa sharti langu. Ya mshahara sitayagusa kwa sababu mnayajua, na ya vyeo pia, maana kwenye mashine ya kukoboa mpunga cheo ni kimoja tu, cha yule anayeshika swichi. Nitasema nilivyoanza, halafu nitamsema Deo. Ninyi mnamjua kama bosi anayewarudisha watu na magunia yao bila kupepesa macho. Mimi nilimjua wakati neno "hapana" halipiti kooni mwake kabisa, na nusura kukosekana kwa neno hilo kufunge banda hili.

Nilikuja Lipangalala kutoka upande wa Mahenge, kijana mwenye mikono mikubwa na akili ya kutosha kubeba gunia. Mashine ilikuwa ya Mzee Severini. Lilikuwa banda moja la mabati na injini ya dizeli iliyopigwa hendeli kila asubuhi, na ikiamka vibaya inakurudishia hendeli mkononi. Nilidhani siku ya kwanza nitafundishwa injini. Mzee akanikalisha kwenye kigoda mlangoni, akanitilia mpunga kiganjani, akasema, "Ng'ata."

"Ning'ate, mzee?"

"Una meno au huna?"

Basi nikawa nang'ata. Kila gunia lililoshuka nilichota punje, nikaiweka kwenye magego, nikaing'ata na kusema: mkavu, au mbichi. Mzee naye anang'ata punje ya gunia lilelile. Punje kavu inalia kach, inakatika vipande viwili safi. Punje mbichi hailii, inabonyea tu kama nta. Nikikosea hasemi kitu, ananipa nyingine. Zilipita siku nyingi taya zinaniuma, hata ugali natafuna kwa huruma, kabla hajaniruhusu kuigusa injini.

Mtaniuliza kwa nini meno, wakati siku hizi kuna vipimo vya unyevu vya betri. Vipimo vizuri, vinunueni. Ila betri zikiisha katikati ya msimu mteja hatasubiri. Mpunga mbichi ukipita kwenye zile roli za mpira zinazomenya hautoki mchele, zinatoka chenga, vipande vitupu. Mtu ameinama shambani msimu mzima, anaondoka na chakula cha kuku. Na hatasema niliuleta mbichi, ng'o! Atasema mashine ya Severini inakata. Kwa hiyo Mzee alikuwa na neno moja alilolisema kwa sauti ileile kwa kila mtu, "Kaanike." Alimwambia katekista, alimwambia mwenyekiti wa mtaa, alimwambia shemeji yake mwenyewe aliyekuja na soda. Maturubai yalikuwa yamekunjwa uwanjani, unachukua, unatandaza, unasubiri jua. Watu walinuna, wengine walimtukana wakiwa wameshafika barabarani, na msimu uliofuata walirudi.

Deo ndiye mwanawe wa mwisho. Alikulia juu ya magunia akiwaigiza wateja, nani anavyokohoa, nani anavyolalamikia foleni. Alipokua akashika maiki. Harusi, kipaimara, send-off, uzinduzi wa duka, popote penye turubai na spika alikuwepo. Jina lake la kazi lilikuwa Pilau Kwanza, kwa sababu wageni wakishakaa alikuwa anasimama na uso mzito, anasema, "Ndugu wageni, hotuba zipo nyingi na zote ni ndefu. Pilau kwanza!" Ukumbi unalipuka. Kuanzia hapa mjini mpaka Mngeta watu walisogeza tarehe za harusi wampate yeye. Aliniigiza hata mimi, mkono sikioni, "Eeeh? Umesemaje?", kwa kuwa mashine ilishanila masikio. Mke wangu alicheka mpaka akashika nguzo ya turubai. Mimi sikusikia alichosema, kwa hiyo sina malalamiko.

Mzee Severini hakuipenda ile kazi. "Kazi gani hiyo, kuwachekesha watu wanaokula?" Hivyo ndivyo alivyosema mbele yetu. Lakini nilimwona kwenye harusi ya jirani, amejificha nyuma ya ukuta wa choo, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Halafu Mzee akapooza. Upande mmoja wa mwili ukagoma, ulimi nao ukawa mzito, maneno hayatoki. Dada zake Deo wote walikuwa wameolewa mbali, na mashine haiwezi kukaa bila mwenyewe. Asubuhi moja Deo akaingia uwanjani na viatu vyake vya harusi vyenye ncha, akaniambia, "Fundi, shikamoo. Nifundishe."

Wiki za kwanza watu walikuja kuangalia sinema. "Pilau, tuchekeshe basi!" Naye anawachekesha huku vumbi la pumba limemjaa kwenye nyusi. Sikatai, alijifunza haraka. Kukaza mkanda, kubadilisha roli, kusikiliza injini ikianza kuchoka, vyote alivishika. Kung'ata ndiyo usiseme. Meno mazuri, sikio zuri kuliko langu. Punje ikibonyea anajua kabla yangu. Tatizo halikuwa kujua. Tatizo ni kwamba mteja akikunja uso, Deo alikuwa anaumia. Kazi ya MC ni kuhakikisha chini ya turubai hakuna aliyenuna, na yeye aliileta kazi hiyo mashineni.

"Deo, huu mbichi," namwambia.

"Najua, Fundi. Lakini umeona anavyoniangalia?"

"Yeye ana macho. Mashine haina."

"Tuupitishe taratibu tu."

Hakuna taratibu. Roli ni roli. Chenga zikawa zinatoka, na mjini maneno yana miguu. Ng'ambo ya barabara kukafunguliwa mashine nyingine, mpya, ya umeme, imepakwa rangi. Wateja wetu wa miaka wakaanza kulipita geti letu. Mzee Severini tulikuwa tunamtoa asubuhi na kiti chake, anakaa mlangoni. Aliwaona wakipita. Anawafuata kwa macho mpaka magunia yanaingia kwa jirani, kisha anamgeukia mwanawe, mdomo unacheza, neno halitoki. Neno tulilijua wote. Niliogopa kwa kweli, maana jina la ile mashine ndicho kitu pekee yule mzee alichokuwa amebakiza, na lilikuwa linakufa mbele yake yeye akiwa hai.

Ndipo ikaja Alhamisi ya Mama Benedikta.

Huyu alikuwa mjane kutoka kijiji cha Michenga. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi, sherehe hapahapa Lipangalala kwa kaka wa marehemu mumewe. Wakwe walikuwa wanatoka mbali, na mama alishawatumia maneno tangu siku ya mahari: hamtakula mchele wa duka, mtakula wa shambani kwangu, niliopanda kwa mikono yangu. Ilikuwa fahari yake, na mjane hana fahari nyingi. Mpunga aliuanika vizuri nyumbani. Akaupakia kwenye guta la magurudumu matatu, na mvua ikamkuta njiani.

Siku hiyo sikuwepo, nilikuwa Mngeta kwenye msiba wa shangazi yangu. Nayasema haya kama Deo mwenyewe alivyonisimulia. Mama aliingia nguo zimelowa, magunia yamelowa, akamwambia, "Mwanangu Deo, wewe ndiye MC wetu Jumamosi. Utaniangusha kweli?" Deo aling'ata punje. Haikulia. Akang'ata nyingine, nayo kimya. Akamwangalia mama, mama yuko karibu kulia. Akasema, "Weka, mama. Tutaona."

Waliona: mashineni zilitoka chenga tupu. Niliporudi jioni nilimkuta Deo amekaa kwenye lundo la pumba na kaptura ya kazi, hana hata utani mmoja.

"Alisemaje?" nikamuuliza.

"Alisema asante."

"Basi?"

"Nikamwambia nitamtafutia mchele mwingine mzuri. Akakataa. Akasema nimeshawaambia watakula wa shambani kwangu, nitapika huuhuu." Akajifuta uso kwa mkono wenye vumbi. "Bora angenitukana, Fundi."

Sasa sikilizeni. Ijumaa yake jua liliwaka. Liliwaka tangu asubuhi bila wingu hata la kusingizia, jua la kukunja sura. Mpunga wa Mama Benedikta ungekauka siku ileile, ungepoa usiku, Jumamosi alfajiri tungeukoboa ukatoka mzima. Maturubai yetu yalikuwa yamekunjwa uwanjani, hayana mtu. Deo alisimama akiyatazama muda mrefu. Mzee naye pale mlangoni alikuwa anayatazama.

Jumamosi, baada ya misa, tukakaa kwenye sherehe. Mimi nilikaa jirani na spika kama kawaida yangu. Deo alikuja na suti ya rangi ya machungwa, akatania, watu wakacheka, lakini kwa mtu anayemjua alikuwa anatania kama anayelipa deni. Chakula kikaletwa. Jamani! Wali ulikuwa bokoboko. Wapishi walijitahidi, iliki waliweka, nazi waliweka, lakini chenga mbichi hazina mpishi. Unachota unakuja bonge moja.

Shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye kitenge kilichonyooshwa vizuri, akachota kijiko, akakigeuza juu chini. Wali haukuanguka. Akasema kwa sauti, hata mimi nikasikia, "Huu ndio mchele wa Kilombero tulioambiwa?"

Meza yao ikaangua kicheko, ya jirani ikadakia. Mama Benedikta pale mbele aliinamisha kichwa akawa anaangalia mikono yake. Bibi harusi akamshika bega. Na watu wote wakamgeukia Pilau Kwanza, wanasubiri aumalizie.

Utani alikuwa nao. Naapa. Niliuona unamjia mdomoni, na ungekuwa mzuri, turubai lingeng'oka. Yeye angebaki Pilau, na yule mama angezeeka na kicheko kile Michenga nzima. Deo akaushusha mkono wenye maiki, akaupandisha tena.

"Ndugu wageni," akasema, "wali umeharibika, na aliyeuharibu namjua."

Watu wakaanza kucheka. Akawasubiri wamalize.

"Mama Benedikta aliniletea mpunga mzuri kuliko wote niliouona msimu huu. Ulinyeshewa njiani. Mashine ni ya baba yangu, na kwenye swichi nilikuwa mimi. Niling'ata, nikajua ni mbichi. Nilitakiwa nimwambie mama kaanike. Jana jua liliwaka kutwa, mmeliona wenyewe. Sikumwambia kwa sababu nilishindwa kumwona amenuna. Shamba lake halina kosa. Jiko halina kosa. Wakwe zetu, mkicheka nichekeni mimi."

Kuna mmoja nyuma alicheka, akidhani bado ni mchezo, akanyamaza katikati. Deo akaenda mpaka meza ya mbele, akapiga goti na suti yake ya machungwa kwenye udongo. "Mama, nisamehe."

Nimehudhuria sherehe zake nyingi. Ile ndiyo pekee niliyoisikia kimya, na mimi kimya nakijua, ninaishi nacho. Mama Benedikta akavuta sahani, akajipakulia wali, akajaza, akala kijiko cha kwanza mbele ya watu wote. Akamwambia Deo, "Inuka, mwanangu, unachafua suti." Kisha akawageukia wageni: "Kuleni jamani, utapoa." Shangazi mtu akageuza kijiko chake upande unaotakiwa, akala.

Msidhani kesho yake tulibebwa juujuu. Jirani wa ng'ambo alikuwa na maneno matamu: "Si mwenyewe kasema kwenye maiki kwamba anaharibu?" Uwanja wetu ulikaa mtupu msimu ule wote mpaka majani yakaota mlangoni. Harusi nazo zikampungua, maana nani anataka MC anayetubu mezani?

Jumatatu nilimkuta ameketi chini, miguuni pa baba yake, anamsimulia yote. Mzee alisikiliza amefumba macho. Alipomaliza, Mzee akaingiza mkono wake usiopooza kwenye kopo la mpunga pembeni ya kiti, akachota punje, akampa. Deo akang'ata.

"Mbichi, baba."

Mzee akamkazia macho, anangoja. Deo alichelewa kuelewa. Halafu akasema, taratibu, "Kaanike."

Mzee akampigapiga kichwani kama anavyopigwa mtoto aliyerudi na matokeo mazuri. Alifariki kabla ya mavuno mengine. Aliuacha uwanja ukiwa mtupu vilevile, hakuuona ukijaa tena, na hilo mpaka leo linaniuma.

Msimu uliofuata Mama Benedikta ndiye aliyeingia getini wa kwanza. Hakusubiri kuambiwa. Alichukua turubai, akatandaza, akakaa pembeni na mwavuli kama mwenye nyumba. Wa Michenga walipouliza mbona unakwenda kwa yule, alijibu, "Yule amenidanganya mara moja na akasema mbele za watu. Huyo mwingine amekudanganyeni mara ngapi, mnajua?" Wakaanza kurudi, mmoja mmoja.

Wa kwanza kukataliwa alikuwa Mzee Shija, Msukuma mfugaji aliyeanza kulima mpunga, mtu mwenye sauti kubwa kuliko injini. Deo aling'ata, akasema kaanike. Shija akafoka mpaka kuku wakakimbia. Deo akaingia ndani, nikadhani amekimbia naye, kumbe amekwenda kuchukua spika. Akaifunga kwenye nguzo, akashika maiki: "Ndugu wakulima, Mzee Shija ana mpunga uliochoka safari, unaomba kupumzika juani. Wakati unapumzika, niwasimulie alivyoposa." Shija mwenyewe alicheka mpaka akavua kofia. Ndiyo asili ya ile spika mnayoikuta asubuhi. Mashine ilinila nusu ya masikio, na Deo akamalizia nusu nyingine. Lakini tazameni, watu wakawa wanakuja kuanika kwetu kwa hiari, hata wenye mpunga mkavu, wanasema wamekuja kuuhakikisha.

Neno la kazi kabla sijasahau. Mpunga ukitoka juani usiuingize wa moto, nao unakatika. Uache upoe kivulini. Na punje ya kung'ata ichukue chini ya gunia, siyo juu. Juu wanaweka mkavu, wajanja hawa.

Mwaka huu nimevuna kijishamba changu, mara ya kwanza kama mstaafu. Magego yangu mawili ya kulia yameng'olewa, nikang'ata kwa meno ya mbele, nikaona umelia. Nikapakia guta, nikaja, nikaipita foleni yenu yote. Nani angenipanga foleni mimi? Deo akatoka.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Waambie vijana wamimine mashineni moja kwa moja, nina haraka."

Mlikuwepo, mliona. Akafungua gunia, akazamisha mkono mpaka chini, akang'ata. Akang'ata tena. Uso ule niliujua, niliuona mara moja tu chini ya turubai la harusi. Aliyenifundisha kazi ni baba yake, na yeye nimemfundisha mimi, na sasa watu wanangoja waone atapita wapi. Aliizima spika. Akanisogelea kwenye sikio langu lenye nafuu.

"Fundi," akasema, "kaanike."

"Mimi?"

"Wewe, Fundi."

Mzee Shija akaangua kicheko kule nyuma. Damu ilinipanda, siwafichi. Nikachota punje mwenyewe, nikang'ata kwa hasira, nikatega sikio. Sikusikia kitu. Nikampa mmoja wenu punje, akang'ata, akaangalia chini kwa aibu: "Umebonyea, Fundi." Nikageuka mlangoni ili nimwambie Mzee Severini, kwa mazoea tu. Kiti chake bado kipo pale, mmekiwekea kopo la mpunga.

Deo alikuwa bado amesimama mbele yangu, jasho linamtoka, hajarudisha neno lake wala hajaliongezea utani. Nikachukua turubai mwenyewe, nikalitandaza. Nilipokuwa nausambaza mpunga kwa miguu machozi yakanitoka, nikawaambia ni vumbi la pumba.